Mtambaa Uani kwa Bi Mwatum

Mheshimiwa sheha wetu uliyetuma udhuru, waheshimiwa wake wa waheshimiwa, masheikh, fundi Ubwa uliyetuazima maiki, Bi Mwatum, mwenye ua huu, na nyinyi mliofuata harufu ya biriani, asalaam aleikum. (Wanaitikia. Mmoja anauliza iko wapi hiyo biriani.)

Mimi Kificho, mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Mimea Vamizi Majumbani, nachukua fursa hii adhimu kusema kuwa huu mtambaa wa maua ya pinki, ambao baadhi ya watu, sitaki kumtaja Bi Salhiya, wanadai nliutoa mimi hotelini Kiwengwa nikamletea mke wangu, sasa umeandaliwa mkakati kabambe. (Bi Salhiya: "Nshatajwa.")

Awamu ya kwanza, uhamasishaji: tuliukata vipande vipande, kila nyumba ikapewa chake kama sampuli, watu wamjue adui kwa sura. Mafanikio ni asilimia mia na ishirini, maana kila kipande kimeshika, hata cha Bi Amne aliyekitupa jaani. (Bi Amne: "Kishafika dirishani, mheshimiwa.") Hiyo ndiyo impakti, mama.

Nnajua Bi Mwatum ana dukuduku. Mwanawe Rukaiya anaolewa Ijumaa, vikuba vya maua vya kumvisha vinataka asumini, na asumini pekee mtaani ndiyo hii iliyolaliwa na mtambaa wetu. ("Wako," anasema Bi Mwatum, jembe mkononi.) Tusigombee umiliki. Mchakato uko mbioni, yatakuja magari, wataalamu, glovu, na wokshopu ya siku tatu yenye chai na maandazi, ili kila stekiholda ajengewe uwezo wa kuinama.

(Bi Mwatum keshainama. Anachimba, anautoa mtambaa na mizizi yake, anautia gunia. Wanawake wanajifunga kanga kiunoni, wanaingia kumsaidia. Mheshimiwa anapewa migongo. Asumini inaonekana, imejaa matumba.)

Naona awamu ya pili imeanza chini ya usimamizi wangu. Nikisema "mtambaa", semeni "ung'oke". Mtambaa! (Wanaitikia: "Wako.")

Kwa kumalizia, namshukuru Bi Mwatum kwa jembe, kwa gunia, kwa kiti nlichosimamia, na kwa kuutekeleza mradi kabla haujakuwepo, maana hayo magari mimi mwenyewe nimeyasikia leo hapa kwenye maiki. Na kwa niaba ya kamati, ambayo ni mimi na mke wangu, na yeye juzi kajitoa, nnaomba, kabla hamjalifunga hilo gunia, nipewe kipande kimoja tu cha ukumbusho.