Vidonge vya Masunga

Jumatatu, 8 Julai 1974. Mafinga.
Nimehamishiwa karakana! Nesi kamwonya mke wangu Matilda: baada ya uzazi ule wa mwisho, mimba nyingine karibuni itamuua. Basi mpaka vidonge vya kupanga uzazi viingie nyumbani, mimi nilale na maranda ya mbao. Baridi hii ya Julai! Kliniki wanavitoa, tena bure. Lakini benchi lao liko barazani, linatazama barabara ya sokoni, na Kasian hupita hapo na baiskeli yake. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia, na Kanisa linakataza vidonge hivyo. Kasian anaimba besi na anautaka ualimu wangu. Akimwona mmoja wetu pale, nimekwisha.

Jumatano, 10 Julai.
Nimepata! Binamu yangu Silvester yuko Mbeya, Ilomba. Atanunua huko, atume kwa posta. Tatizo ni sanduku. Sote tunatumia la parokia, na vifurushi huitwa kwa jina mbele ya watu baada ya misa. Kwa hiyo nimemwagiza aandike jina la mtu asiyekuwepo: Masunga. Jina la Kisukuma, la wafugaji wa Usangu. Hapa simjui Masunga hata mmoja. Likiitwa, nitasema ni mteja wangu wa vitanda, nitampelekea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kasian ana kipara.

Jumapili, 21 Julai.
Balaa! Jina limeitwa. Kabla sijafungua kinywa, Padri kafungua kifurushi amtafute mwenyewe. Silvester, kwa usiri niliomsisitizia, alivihamishia vidonge kwenye bahasha tupu na kuandika: kimoja kila siku, asikose hata siku moja. Padri kasoma kwa sauti. Kanisa likaguna. Masikini, mgonjwa kakosa dawa! Ningejitokeza, wangeniuliza anaumwa nini. Padri kaagiza kwaya imwombee Masunga kwa wimbo. Nani aongoze? Mimi. Kasian kajitolea kumtafuta mgonjwa kwenye viwanda vyote vya mbao. Leo nimemchukia kuliko siku zote.

Jumanne, 23 Julai.
Kumbe Masunga yupo! Mzee mmoja, mlinzi wa kiwanda cha mbao, kaja juzijuzi kutoka Usangu. Kakana kuagiza kitu chochote. Kasian kamwambia asione haya, parokia nzima imemwombea. Mzee kaona kukataa ni utovu wa adabu, kaanza kumeza. Sasa najiuliza kutwa nzima: vitamfanya nini mwanamume? Nimekwenda kumchungulia, nikijifanya nataka mbao. Yuko vilevile. Ndevu nimezitazama hasa.

Jumapili, 28 Julai.
Mzee kaja kanisani kushukuru, na wala hajabatizwa. Kasema mgongo uliomtesa miaka yote umelegea. Vigelegele! Padri kampa Kasian mkono mbele ya watu wote. Baadaye nikamvuta mzee pembeni, nikamsihi aache, ile si dawa yake. Akanijibu kwa huruma kwamba kijana hapaswi kumwonea mzee wivu wa afya.

Jumatatu, 29 Julai.
Matilda kachoka kungoja. Kaenda kliniki mchana kweupe. Barazani kamkuta Tekla, mke wa Kasian, kafuata vidonge vilevile. Kasian mwenyewe kampakata mtoto, anawasimulia watu uponyaji wa Masunga! Matilda karudi na vyake, kaviweka mezani karibu na chumvi. Kaniambia, Baba Philbert, rudi ndani. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimemkumbuka sana mke wangu.

Jumatano, 31 Julai.
Mezani! Na kila jirani anaingia kuomba chumvi! Jana nilivificha mahali ambapo Kasian hangevipata hata apewe mwaka mzima. Leo Matilda kavidai. Nimepekua darini, kwenye debe la unga, ndani ya viatu vya misa. Hata mimi sivipati. Matilda kanyoosha kidole tu kuelekea karakana. Si kitu. Nimeshamwandikia Silvester atume vingine haraka. Safari hii aandike Helena Ngolo. Mafinga nzima hayupo, nina hakika.