Chumvi ya Zamani na Abby wa Subukia

Jumatatu, 4 Agosti

Wameitengeneza upya! Gemu yetu. Ile mimi na Kemboi, rafiki yangu wa tangu shule, tuliyoiita Chumvi, kwa sababu jina la kwenye diski lilikuwa la Kijapani na hakuna mtu Kiamunyi nzima aliyeweza kulisoma. Ndugu wawili wanavuka jangwa la chumvi na taa moja. Taa ikizimika, mmekufa wote. Huwezi kuicheza peke yako. Huo ndio utamu wake.

Sasa kuna toleo jipya. Nimeangalia video yake kazini, nimejificha nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe ili Mzee Kiarie, mwenye duka, asinione. Nyuso zina jasho! Zamani uso ulikuwa matofali manne na bado tulijua nani amekasirika. Na baya zaidi: ukikosa mwenzako, mashine inacheza upande wa pili. Upuuzi mtupu.

Kemboi ameweka kwenye status kwamba ameshainunua. Anacheza na mtu anaitwa Kiptum, wanafanya kazi pamoja kwenye mitambo ya kuzalisha stima huko Olkaria. Kiptum! Alikuwa wapi Kiptum tulipokuwa kidato cha pili? Nimemwandikia Kemboi ujumbe mrefu, kwa upole, nikieleza kwa nini ile ya zamani inaishinda hii mpya kwa kila kitu. Akajibu kwa kidole gumba.

Kidole gumba.

Jumanne, 5 Agosti

Habari njema. Mama yake Kemboi ameniambia dukani kwamba kijana anakuja Jumamosi kumwekea tangi la maji. Kiptum ndiye atakayemleta, ana gari. Sawa, na yeye aje. Mashine ya zamani bado ninayo chini ya kitanda, na pad zake mbili za kuchezea. Kemboi akiishika tu, Kiptum kwisha.

Nimempigia. Akasema ataona. Hiyo "nitaona" naijua. Aliniambia hivyo Krismasi, nikala kuku mzima peke yangu.

Basi, mpango. Simu yangu ina laini ya pili. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshazaliwa upya kama Abby, msichana wa Subukia, mpenzi wa gemu za zamani. Picha nimeweka ndama wa kwenye gunia la chumvi ya mifugo. Abby ameomba kuingia kwenye grupu la wachezaji wa Nakuru, ambalo Kemboi ndiye admin. Amekubaliwa papo hapo.

Abby akaandika kwamba toleo jipya ni kama chai ya hoteli: rangi nzuri, majani hakuna. Grupu zima likacheka. Neno hilo hilo niliandika mimi humo humo jana kwa jina langu. Kimya.

Jumatano, 6 Agosti

Kemboi amemwandikia Abby! Pembeni, si kwenye grupu. Na si kidole gumba. Aya tatu! Anasema anapenda watu wasiojionyesha kwenye picha. Ameeleza kazi yake, mvuke unavyotoka ardhini ukinuka mayai, na jinsi nyumba za wafanyakazi zinavyokuwa kimya wenzake wakienda zamu. Kisha akauliza Abby amekula nini.

Tangu mama arudi Kabazi shambani, hakuna mtu ameniuliza nimekula nini. Nikamjibu ukweli: mkate na chai. Akasema hicho si chakula. Nilifurahi sana.

Nilifurahi mpaka nikamuuzia mathe mmoja chakula cha kuku badala ya cha ng'ombe. Amekirudisha saa nane. Ng'ombe alinusa akageuza kichwa. Mzee Kiarie ameniuliza mbele ya wateja kama nimeanza mapenzi. Nikasema ni mambo ya grupu la gemu. Hakuamini.

Alhamisi, 7 Agosti

Abby alimuuliza Kemboi kama ile ya zamani aliwahi kuicheza na mtu. Nilitaka tu kusoma jina langu. Nimelisoma.

Aliandika hivi: "Na rafiki yangu Ngigi. Pad yangu ilikuwa na kitufe kimekufa, kile cha kuinua taa. Ile nzima alikuwa anashika yeye kila siku. Miaka yote mimi nilikuwa namfuata tu gizani. Kwa hii mpya ndiyo nimebeba taa mara ya kwanza. Usicheke, nilitoa machozi."

Sikucheka. Niliketi kwenye gunia na mteja akaondoka bila kuhudumiwa.

Hakuwahi kusema! Na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kelele kwamba ni mzembe, kwamba anatembea kama mzee.

Nimeamua. Jumamosi nitampa pad nzuri. Bila hotuba. Namnyooshea tu, anaichukua, anaelewa. Tatizo ni kuhakikisha anafika. Kwa hivyo Abby ameandika kwamba anamfahamu Ngigi kidogo, na kwamba Jumamosi atapita kwake kucheza Chumvi ya zamani. Kemboi amejibu kabla sijaweka simu chini. Anakuja. Kwa hakika. Hata Kiptum akikataa, atatembea kwa miguu.

Ijumaa, 8 Agosti

Dosari moja imejitokeza kwenye mpango. Abby hayuko.

Nimeenda kwa Jemutai, jirani wa mlango wa pili, anafundisha watoto wa chekechea. Nikamwomba awe Abby kwa saa moja. Hatahitaji kusema mengi, ndama tayari amefanya kazi kubwa. Alinitazama kama anavyowatazama watoto waliojimwagia uji.

"Ngigi," akasema, "si umwambie tu Kemboi umemmiss?"

Nikamwambia haelewi mambo ya mikakati. Akasema hawezi kuwa Abby, ila atakuja kama Jemutai, na ataleta chapati.

Nimepangusa televisheni. Nimefanya mazoezi ya kunyoosha pad mbele ya kioo. Mkono wa kulia, tabasamu dogo. Iko sawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Walikuja saa tisa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Kiptum, lakini alivua viatu mlangoni, akaniita boss, akasifu pazia. Mtu wa kuudhi sana.

Kemboi alikuwa amevaa shati la kanisani. Alinisalimia, "Niaje Ngigi," huku macho yanapita juu ya bega langu. Akauliza kama niko peke yangu. Nikasema Abby yuko njiani. Akakaa kwenye kiti kinachotazama geti.

Nikawasha mashine. Ule muziki wa mwanzo! Jangwa lile jeupe, kama kando ya ziwa letu la Nakuru lakini bila flamingo. Hata Kemboi aligeuka. Akatabasamu, akasema, "Ala, bado inafanya kazi!" Nikasema tuanze sisi wawili. Pad zote zilikuwa juu ya stuli. Ndiyo hiyo saa yenyewe.

Sijui kilichotokea. Mkono wangu ulienda wenyewe ukachukua ile nzuri.

Kemboi aliiangalia iliyobaki. Akaiokota, akabonyeza kile kitufe mara moja kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Tukaanza kutembea. Mimi mbele na taa, yeye nyuma gizani. Nilitaka kusema tubadilishane. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, "Harakisha, unatuua."

Tukafa. Kemboi akampa Kiptum pad, akaenda kusimama getini.

Jemutai alifika na chapati, akachukua pad yangu bila kuomba, akacheza na Kiptum. Hawajui kitu! Walianguka kwenye shimo la kwanza, wakaanguka tena, wakacheka mpaka Jemutai akaegemea ukuta. Kiptum alipogundua kitufe kimekufa, Jemutai akamwambia, "Haya, shika hii, mimi nitakufuata." Hivyo tu. Kama mtu anayepitisha chumvi mezani.

Nilikula chapati nikiwa nimesimama. Saa kumi na moja Kemboi alirudi, akasema wana zamu kesho. Mlangoni alitaka kuniambia kitu. Kisha gari la jirani likaingia, akageuka haraka kuangalia kama ni Abby, na alichotaka kusema kikapotea.

Jumapili, 10 Agosti

Simu imelia mara mbili nikitoka kanisani. Laini mbili, Kemboi mmoja.

Kwa Abby: anasikitika kwamba hawakukutana, anatumaini yuko salama, labda wacheze toleo jipya mtandaoni Jumamosi ijayo saa nane.

Kwangu: "Sasa Ngigi. Jana sikukaa vizuri na wewe, pole. Kuja Olkaria Jumamosi. Kiptum anaenda kwao, kuna kitanda. Nilipanga gemu na Abby saa nane, lakini nitaiahirisha ukija. Tuongee tu, hata gemu tuache."

Nimeusoma huo wa pili nikiwa nimesimama barabarani. Nimeusoma tena nyumbani. Jemutai, aliyekuja kuchukua sahani yake, ameusoma pia, akasema, "Si unaona? Jibu sasa."

Nimejibu. Nimemwambia Kemboi asante, lakini Jumamosi nimebanwa na kazi, dukani tunahesabu mali.

Kisha nikamjibu kama Abby: saa nane ni sawa kabisa, ila maikrofoni yake imeharibika, hataweza kuongea.

Kesho napeleka mashine ya zamani mjini nikaiuze, niongezee pesa nichukue hii mpya. Nyuso zake si mbaya ukizizoea. Nitamwachia abebe taa safari nzima, nami nitamfuata nyuma. Saa nzima, mimi na Kemboi, sisi wawili tu! Na hatajua.