Kinu cha Wajamaika kwenye Kilio cha Anaclet

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nilikuwa nimevaa suti.

Ndugu wa kundi hili, ninawaandikia kwa kidole kimoja, mnivumilie. Mnanijua. Mimi Gaspard, mwenye duka la misumari na mabati hapa Kamembe. Shule niliipitia miaka mitatu, nikatoka. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe, na rege ni moja ya hayo. Ukitaka kujua rege ya zamani ilirekodiwa namna gani, mu Kamembe nzima unaletwa kwangu. Ndivyo ilivyokuwa. Mpaka leo saa nane.

Leo tulikuwa Nyakarenzo kuondoa kilio cha Anaclet, yaani kufunga matanga. Kwa wasiomjua: Anaclet alikuwa rafiki yangu tangu Bukavu, tangu ujana wetu kule Kadutu, watu wawili wenye nywele kubwa na viatu vibovu. Wiki iliyopita amekufa. Ini. Amekufa polepole, vibaya, mpaka shuka ikawa nzito kuliko yeye. Sitaongeza neno hapo.

Kabla ya kufa alimwomba binti yake Solange kitu kimoja tu. Siku ya kuondoa kilio wampigie rege. Wimbo mmoja. Alisema haendi na kwaya peke yake.

Basi, tumefika, tumekaa chini ya hema, watu kama mia hivi. Dada ya marehemu, Maman Vumilia, amevuka mpaka asubuhi kutoka Bukavu na kitenge cheusi na uso wa jiwe. Kusikia neno rege akasimama.

"Rege ni ya bavuta bangi! Ndugu yangu hatasindikizwa na bangi, mimi nikiwa muzima!"

Solange akaanza kulia. Pasta akaingia katikati, muntu mpole.

"Maman, ni neno la mwisho la marehemu. Tubape dakika kumi, kiisha tusali."

"Na nani atachunga kinachotoka mule?"

Nani tena? Nikasimama mimi. Nikafunga kifungo cha koti.

"Ni mimi nitachunga, Maman. Kukitoka neno moja la haya mu hii rege, uzime na mukono wako mwenyewe. Na mimi munifukuze hapa mbele ya bantu."

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Sawa. Nitakaa karibu na kifungo cha redio."

Akavuta kiti, akakaa karibu na redio niliyoileta, kidole tayari. Kwa hiyo rege ya Anaclet ilikuwa mikononi mwangu. Nikiharibu, rafiki yangu anaondoka bila kile kitu kimoja alichoomba.

Solange, mtoto mwenye akili, alikuwa na wimbo ule ule ndani ya simu. Akaninong'oneza:

"Papa Gaspard, iko hapa. Safi. Tupige hii tu."

"Simu si rege," nikamwambia. "Kaseti iko wapi?"

"Ile kaseti Papa hakuachaka muntu aishike."

"Mimi si muntu. Mimi ni mwenyewe kaseti!"

(Yaani simu ilikuwa pale. Nilikuwa nimeokoka. Nikakataa wokovu kwa mdomo wangu.)

Lazima niwaeleze hiyo kaseti, la sivyo hamtaelewa aibu yangu. Zamani kule Kadutu jirani yetu mmoja, mwalimu, alikuwa na kaseti ya rege kumi na mbili zilizochaguliwa. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maneno madogo kama chawa, Kifaransa kitupu, ikieleza kila wimbo ulivyorekodiwa. Anaclet alikuwa anasoma, mimi nasikiliza, nashika. Kichwa changu hakikujazwa mambo ya shule, kilikuwa na nafasi.

Mwalimu akatuazima siku moja. Hatukuwa na waya wa kuunganisha. Mnakumbuka tulivyofanya wakati ule: redio mbili juu ya meza, zinaangaliana uso kwa uso kama wagombanaji. Moja inaimba, nyingine inakamata. Ubaya wake, ile inayokamata haichagui. Kikohozi inakamata. Kuku inakamata. Mlango ukilia, umeingia ndani ya rege.

Kwa hiyo tuligawana kazi. Anaclet akabaki chumbani kwao na redio, mimi nikaenda barabarani, mbele ya nyumba, kulinda kimya. Saa nzima nimesimama juani! Nilifukuza mbuzi. Nilifukuza mlevi. Nilimziba mdomo mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyekuwa anaita wateja. Ndiyo maana maisha yangu yote nimesema: kaseti yetu ni safi kuliko studio.

Sasa, katika wimbo wa nane, ndio ule Anaclet alioomba, kuna mdundo mmoja. Tu. Tu. Tu. Mzito, kama unatoka ndani ya udongo. Haukuandikwa kwenye karatasi. Nilimuuliza Anaclet ni chombo gani. Akaangalia pembeni kidogo, akasema:

"Ni kinu. Balileta kinu mu studio."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikihubiri kinu cha Wajamaika. Mu baa zote za Kamembe. Mu harusi. Kuna mzungu mmoja pale ziwani niliyemweleza, akaandika kwenye daftari lake. (Yule mzungu popote alipo, anisamehe.)

Turudi kwenye hema. Solange ameunganisha redio yangu ya zamani na spika kubwa za kukodi. Kaseti iko ndani. Nikapewa mikro ya kusemea. Nilisema moyoni: Gaspard, dakika mbili tu, halafu wimbo.

Nimeongea dakika saba.

Nimewaeleza kwamba wapigaji wote walikuwa chumba kimoja kidogo, wanapiga kwa pamoja, na mmoja akikosea wote wanarudia. Nimewaeleza kwamba mwimbaji alisimamishwa mlangoni kwa sababu sauti yake ilikuwa inafunika magita. Watu walikuwa wanatikisa kichwa. Hata pasta. Utamu ukanipanda. Nikaacha rege, nikaingia kwa marehemu.

"Mulimuona Anaclet mwembamba, mukasema ni ugonjwa. Hapana! Tangu ujana hakupenda kula. Nikifika kwabo, sahani iko mbele yake, anasema ameshiba. Ni mimi nilikuwa namumalizia! Namusaidia! Nilimuambiaka, Anaclet, kula kama mwanaume. Muniangalie mimi. Nilijikuza peke yangu, hakuna muntu alinipa hata tonge!"

Nikajipiga tumbo. Mikro ikachukua ile sauti, spika zikaitangaza mpaka mtaa wa chini.

Watu wakacheka. Nikampa Solange ishara. Akabonyeza.

Rege ikaanza. Ndugu zangu, nywele zilinisimama. Ule mtambo wa zamani, ule mkwaruzo, kama Anaclet amekaa pembeni yangu. Halafu ikaja: Tu. Tu. Tu.

"Munasikia?" nikapiga kelele juu ya muziki. "Kinu! Kinu cha Wajamaika!"

Solange akanivuta koti. "Papa, mu simu hakuna kinu. Ile wimbo nimeisikia mara mingi. Hakuna."

Nikamjibu, na mikro ilikuwa mdomoni: "Basi simu yako imekula kinu!"

Hema nzima ikacheka. Nilijisikia mkubwa. Pale kwenye kiti chake Maman Vumilia alikuwa hacheki. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama muntu anayeitwa kutoka mbali.

Kinu kikanyamaza. Ndani ya spika mwanamke akakohoa kidogo. Mimi, mjuzi wa rege, nikanyanyua kidole:

"Sasa anaingia mwimbaji wa kike!"

Mwimbaji wa kike akaingia. Akasema:

"Anacleti! Ule mwenzako, na leo anabakia kula hapa?"

Kiswahili cha Kadutu. Safi kabisa.

Muntu mmoja nyuma akasema, "Mzee, huyu Mjamaika amekulia kwetu!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi sikusikia vizuri, kwa sababu ndani ya spika sauti ya pili ilikuwa imejibu. Ya kijana. Ya yule tuliyemzika.

"Maman, polepole. Redio iko nakamata sauti."

"Iache ikamate! Tangu Pasika anakula hapa kila siku. Kwabo hakuna chungu?"

"Kwabo hakuna kitu, Maman. Ule mama wa kambo anamunyima."

"Na mimi niko na nini? Hii sombe ninayotwanga ni ya bantu bane. Bane, si batano!"

"Umupe yangu."

"Na weye?"

"Nitasema nimeshiba. Usimuambie, Maman. Iko na kiburi."

Halafu kinu, kile cha majani ya muhogo, kikaanza tena. Tu. Tu. Tu. Na ukweli lazima nikubali: kilikuwa ndani ya mdundo.

Hakuna aliyecheka tena. Watu mia, na macho yao yote yalikuwa juu ya tumbo langu. Mikro ilikuwa bado mkononi mwangu, inatangaza pumzi yangu. Nikaificha nyuma ya mgongo.

Nilielewa mambo yote mara moja, kama ndoo ya maji baridi. Kumbe miaka yote ile, tukisikiliza kaseti pamoja, wimbo wa nane ukifika katikati Anaclet alikuwa ananyoosha mkono na kuzima. "Hapa utepe umekwisha kukatika," alikuwa anasema. Nilimtukana kwa hilo! Nilimuambia hajui kutunza vitu! Na yeye anaangalia pembeni, anaweka kaseti ndani ya shati, anaenda nayo kwake.

Maman Vumilia alikuwa amesimama. Kidole chake kilikuwa juu ya kifungo cha kuzima, kama alivyoahidi. Neno la haya lilikuwa limetoka, tena si moja. Nikafumba macho. Nikasema, pole Anaclet, rege yako imeishia hapa, na ni mimi.

Kidole hakikushuka.

"Ni Maman," akasema. Sauti ndogo sana. "Ule ni Maman wetu."

Mama yao alikufa wakati wa vita, njiani, wakikimbia. Hawakubaki na picha yake hata moja. Solange hakuwahi kumuona wala kumsikia.

"Rudisha," Maman Vumilia akamwambia.

Solange akarudisha. Halafu akarudisha tena. Dada mtu akapiga magoti mbele ya spika, akaweka shavu lake pale sauti inapotokea. Pasta aliangalia saa yake mara moja, akaivua, akaiweka mfukoni.

Wimbo wa Anaclet umepigwa mara nne. Aliomba mmoja. Kwa hiyo kazi yangu niliimaliza, si ndiyo? Nami nikasimama pale mara zote nne na suti yangu, naambiwa mbele ya kila muntu kwamba kwetu hakuna chungu. Mara ya tatu walikuwa wameshashika maneno. Mama akifika pale, hema nzima inasema naye, machozi yanatiririka: "Bane, si batano!" Wanawake wa kwaya waliweka hata sauti ya pili.

Nilikaa nyuma, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mbovu. (Kilikuwa wazi. Sasa najua kwa nini.) Sikuangalia muntu. Baadaye chakula kikatoka. Nilipanga kupotea kimya kimya, nitafute moto, yaani pikipiki ya abiria, pale barabarani, nirudi Kamembe. Nikasikia kitenge kinakuja.

Maman Vumilia. Sahani mikononi, bugali kama kichwa cha mtoto, sombe inamwagika pembeni.

"Gaspard."

"Maman."

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana. Naapa. Nilikuwa nadhani hapendaka kula."

Nilingoja matusi, na nilikuwa nayastahili. Akaweka sahani juu ya magoti yangu ya suti.

"Kula," akasema. "Leo hakuna muntu wa kusema ameshiba."

Akabaki amesimama pale, mikono kiunoni, kama mama yake, mpaka nimalize. Hema nzima inaangalia. Nimekula yote. Sikuacha hata jani. Nimelia nikila, sombe ikaingia puani, nikapiga chafya juu ya tai ya kanisa.

Basi, ndio hivyo. Mwenye kutaka kucheka asubiri kesho. Leo kuna tonge bado halijashuka.