Mchukueni Profesa Wangu Kabla ya Jumamosi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kutafuta Maprofesa Waandamizi,
Shule ya Sera za Umma,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROFESA MLIYEMWACHA SEBULENI KWANGU

Nakutakia afya njema wewe na wanakamati wako, kisha naomba nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Nimeona gazetini tangazo lenu kwamba mnatafuta profesa mwandamizi wa sera za umma, tena mko tayari kumfuata hadi ng'ambo. Nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Ndugu yangu, mnamtafuta mtu ng'ambo wakati mwenzenu yuko hapa kwangu, kavaa kandambili, anachora mishale kwenye kalenda ya ukutani!

Ni mume wangu. Mnamjua vizuri. Wanafunzi wenu ndio waliompa jina la Profesa Rasimu, kwa sababu katika maisha yake yote ya kufundisha hakuwahi kukiri kwamba waraka wowote umekamilika. Mwaka jana mlimstaafisha, mkamkatia keki, mkampa saa ya ukutani, mkanirudishia. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chakula. Zamani nilikuwa napika, watu wanakula. Siku hizi hakuna kinachoingia sufuriani kabla wadau hawajashirikishwa. Wadau ni mimi, binti yetu kitinda mimba, na wifi yangu, yaani dada yake Profesa, ambaye anakaa mtaa wa pili lakini kwenye mambo ya chakula hakosi kikao. Juzi tulijadili maharage au mchicha mpaka moto ukazimika wenyewe. Tulikula mkate mkavu. Profesa akaandika kwenye muhtasari kwamba kikao kilikuwa cha mafanikio makubwa.

2. Paa. Linavuja juu ya kitanda, upande wangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; Profesa anasema wahenga hawakufanya utafiti wa awali. Ameunda kamati ndogo, ambayo ni yeye, na ameiandikia hadidu za rejea. Kaka yangu alinionea huruma akaleta bati zima na misumari yake. Bati hilo liko sebuleni, limeegemezwa ukutani, na Profesa analibandikia michoro. Tangazo lenu linataka mtu mwenye uwezo wa kuvutia wafadhili. Basi shemeji yake ni mfadhili, na msaada wake umeishia kwenye semina, kama ilivyo kawaida ya misaada. Mimi nalala na beseni.

3. Ndoa yangu. Hapa naomba ukae chini. Mwezi uliopita alitangaza kwamba ndoa yetu haijawahi kufanyiwa tathmini ya katikati ya kipindi. Nilimwambia mtu mwenye wajukuu hana tena katikati. Akajibu kwamba ndiyo sababu tumechelewa, akateua mtathmini huru: dada yake! Wifi yangu alishinda jikoni kwangu kutwa nzima, akinihoji huku anatafuna karanga zangu. Ripoti ikatoka kwamba utendaji wangu ni wa kuridhisha, ila nina changamoto ya mtazamo, na nimependekezewa nipunguze kuguna. Tangu siku hiyo naguna mpaka usingizini.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Huyo binti yetu kitinda mimba ana mchumba, fundi wa majokofu, kijana mtaratibu ambaye salamu yake tu inakupa moyo. Wazee wake walikuja kuposa. Walivaa vizuri, wakakaa vizuri, wakasema vizuri. Profesa akawashukuru kwa andiko lao, akasema lina mwelekeo mzuri lakini halijaonyesha uendelevu, akawaomba waliwasilishe upya baada ya kuzingatia maoni. Maoni yenyewe aliwaonyesha ukutani, kwa projekta. Baba wa kijana aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akavaa kofia yake. Mwanangu alilia chumbani, mimi nikalia jikoni, na hilo silisemi kwa mzaha.

Kwa uungwana wao wamekubali kurudi Jumamosi hii. Mshenga ametuambia waziwazi kwamba hakuna mara ya tatu. Nimembembeleza Profesa aseme neno moja tu, ndiyo, halafu arudi kwenye mishale yake. Amesema kwa hatua hii ni mapema mno kutoa msimamo. Ndugu Mwenyekiti, maji yamenifika shingoni. Mtoto wangu hatazeekea nyumbani kwa sababu kikao hakikutimiza akidi.

Kwa hiyo namleta kwenu, na sifa zake nimezilinganisha na tangazo. Mnataka mtu anayejenga maridhiano: hapa kwangu wote tumeridhiana kwamba aondoke. Mnataka anayeongoza mijadala migumu: njooni mumsikie kwenye mchicha. Mnataka machapisho: ninayo kabati zima, na mlango wake haufungi. Kuhusu utekelezaji, nimepitia tangazo lenu mstari kwa mstari na sijaona mlipoutaja, kwa hiyo sioni upungufu wowote.

Najua kuna mjumbe atakayesema mnahitaji damu mpya. Mwambieni zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mgeni wa ng'ambo atakuja na mawazo, na Mungu apishe mbali, anaweza hata kutaka yafanyike. Mtapata wapi usingizi? Wangu hana hatari hiyo. Mkimkabidhi jambo Jumatatu, mtalikuta salama hivyo hivyo mwaka ujao, limeongezewa viambatisho.

Shule yenu iko safari ya siku nzima kutoka hapa tulipohamia alipostaafu. Hilo lisiwatie wasiwasi. Kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote. Tangazo linasema mtatoa nyumba. Mpeni. Sanduku lake nimeshalifunga, na soksi nimezipanga mbili mbili. Wala msijisumbue kunialika mimi. Na kama kanuni za umri zinawabana, mwiteni mshauri, mwiteni mgeni mwalikwa, mwiteni samani, mradi gari lije Ijumaa. Mkiona mzigo ni mkubwa, mchukueni kwa majaribio. Majaribio anayapenda sana.

Nisalimie Mkuu wa Shule, nisalimie wanakamati wote hata wanaosinzia, nisalimie na yule katibu muhtasi wa idara aliyekuwa akinipigia simu kunijulisha kwamba Profesa amefika kazini kageuza shati ndani nje. Yeyote aliyekula ile keki naye msalimie, na umwambie nina neno naye.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,

Mke wa Profesa Rasimu

Tanbihi: Mimi si mtu wa kusengenya, kwa hiyo kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mwenyewe barua yote, namba kwa namba. Hakubisha hata moja. Aliuliza tu kama ile nyumba ya chuo ni ya mtu mmoja, na mimi nitakaa wapi. Nikamjibu nitabaki hapa. Akasema basi haendi. Nikamuuliza kama tuitishe kikao, akasema hapana! Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha akachukua simu, akampigia baba wa yule kijana, akamwomba radhi, akamwambia sisi tumekubali na waje hata kesho asubuhi. Binti yangu amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja kuuliza kuna nini. Mimi nilitaka kumcheka mzee wangu, machozi yakanitangulia. Kwa hiyo ombi langu nalifuta lote, na barua naituma kwa vile tu stempu nimeshabandika. Mtafuteni mwingine. Mtu aliyekata shauri mara mbili kabla chai yake haijapoa, kwa kweli sidhani kama angewafaa.