Nyota Niliyoijaza kwa Mikono Yangu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kanisa zima, na suruali nilikuwa nimeivaa. Tena nilikuwa nimeipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo inaweza kukata nyama! Ninyi mliosoma nami darasa la jioni pale Bukoba mnanijua, mimi si mtu wa kuaibika ovyo ovyo. Basi nawaandikia mapema, kabla habari haijafika mjini na lori la kahawa ikiwa imetiwa chumvi. (Chumvi nitaitia mwenyewe.)

Koku mnamjua, nimewaimbia jina lake mpaka mkaziba masikio. Baba yake, Ta Ishengoma, ni mzee wa kanisa hapa kwetu Muleba, mtu mrefu anayeinama hata kwenye milango ya wenzake warefu. Nilipopeleka posa alisema, "Kusoma amesoma. Nataka kuona mikono yake inafanya nini." Jibu angelitoa baada ya Krismasi.

Mungu akanifungulia njia. Wazee walikuwa wanataka kuagiza mapambo ya mti kutoka madukani Bukoba, mipira ile ya kioo ambayo ukiikoholea inapasuka. Nikasimama kikaoni.

"Waitu, wazee wangu, niachieni mimi. Nitaupamba mti kwa vitu vya shambani, na hakuna atakayetoa hata senti."

Ta Ishengoma akanitazama kutoka juu. "Haya. Tutaona."

Nikaingia kazini. Majani makavu ya mgomba nikayakunja yakawa mipira, nikayafunga kwa nyuzi za mgomba, nikayapaka maji ya udongo mwekundu. Mazuri! Malaika wangeomba kuazima. Tatizo moja tu: yalikuwa mepesi, upepo kidogo yanaruka kama vifaranga. Nikafikiri kisomi. Nikachukua kapu la mama la akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa, nikatia punje chache ndani ya kila mpira. Mipira ikatulia. Tena ukiitikisa inalia, chaka chaka, kama kengele. Mapambo na muziki juu!

Mama akaona kapu. "Wageni wangu watatafuna nini?"

"Mama, hii ni sayansi."

Akalificha kapu. Na mimi nilikuwa nimebakiza nyota ya kileleni, kubwa kama kichwa cha ndama, imefunikwa karatasi za fedha za pakiti za sigara. Niijaze nini? Nikamwona mbuzi wetu amelala uani. Pembeni yake, mali kavu imetapakaa, mviringo, nyeusi, saizi ile ile ya kahawa. Nikaitikisa mkononi. Chaka chaka! (Nani atafungua nyota?)

Leo asubuhi, Krismasi yenyewe, mti ulisimama nje, mlangoni pa kanisa. Nilipanda ngazi kuiweka nyota, nikashuka, nikasimama kando kupokea sifa. Wa kwanza kufika alikuwa Ma Justina, bibi mgeni kutoka Izimbya. Upepo ukapita, mipira ikalia. Bibi akatega sikio. Akatabasamu.

"Kasinge, asante mwanangu! Kanisa hili lina adabu. Kwetu tunaingia midomo mikavu."

Akachuma mpira. Akaufungua. Akatafuna!

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho hata mtoto wa kunyonya anakijua: kwetu mgeni hupokewa mlangoni kwa kahawa, na kahawa hiyo hufungwa katika majani ya mgomba. Mimi msomi nilikuwa nimetundika makaribisho ya kijiji kizima juu ya mti. Ningefanyaje? Kumnyang'anya mgeni kahawa aliyokwisha kuishika? Afadhali umpige kofi.

Watu wakapanga foleni.

"Imeiva vizuri hii! Nani kachemsha?"

"Mama yake huyu aliyepamba."

Mama akapita katikati yao kidevu kikielekea mbinguni, akipokea shukrani kulia na kushoto. Koku alikuwa dirishani na kwaya, ananitazama kwa macho laini. Nikajiambia, kumbe nimefaulu kwa mlango wa nyuma! Mti unabaki mifupa, lakini mimi nanenepa.

Ta Ishengoma akafika wa mwisho. Akatazama watu, wote mashavu yanacheza. Akatazama mti, hauna kitu.

"Na mimi je?"

Kabla sijajibu, macho yake yakapanda kileleni. "Ahaa! Mkubwa umemtunzia kikubwa." Na ule mkono wake, ambao hauhitaji ngazi, ukaishusha nyota.

Akaifungua. Akamimina kiganjani. Akachagua punje iliyojaa vizuri, akaipuliza vumbi, akaielekeza mdomoni.

"Baba, usitafune!" nikaropoka.

Uwanja mzima ukageuka kututazama.

"Wote wametafuna. Mimi nina kosa gani?"

"Hiyo si kahawa, waitu."

"Ni nini?"

Kiingereza chote nilichojifunza darasa la jioni kikanikimbia. "Ni ya mbuzi."

"Mbuzi analima kahawa?"

"Hapana, waitu. Ni... mavi yake."

Ndugu zangu, mmeshasikia mvua ya mawe kwenye bati? Ptuu! Ptuu! Kanisa zima lilitema kwa pamoja. Bwana mmoja alisugua ulimi kwa tai yake. Ma Justina alilia kwamba yeye amekula mipira mitatu. "Yenu ni kahawa!" nilipiga kelele. "Yenu ni kahawa tupu!" Lakini nani atamwamini mtu wa namna yangu? Mama alijifunika uso kwa kanga. Kwaya ikaanzisha wimbo kuniokoa, ikavunjika kwa kicheko kwenye mstari wa kwanza, na sauti iliyotangulia kuvunjika ilikuwa ya Koku.

Ta Ishengoma hakucheka. Alirudisha punje ndani ya nyota, moja moja, akaifunga, akaitia mfukoni mwa koti. Mahubiri yalihusu nini siwezi kuwaambia. Nilikuwa nautazama mfuko.

Baada ya baraka akaniita.

"Mikono nimeiona."

"Ndiyo, waitu."

"Jumapili uje nyumbani na wazee wako, tuzungumze habari za Koku. Nitawakaribisha kwa kahawa." Akapapasa mfuko wake. Chaka chaka. "Wewe utatangulia kutafuna."

Nitakwenda, na nitakachopewa nitakitafuna kwa adabu, na nitaomba kingine. Ninyi chekeni mmalize leo, kwa sababu Jumapili namtaka mmoja wenu anisindikize, akiwa na kibuyu cha maji ya kusukutulia.