Bustani ya Kumwonyesha Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Meneja mpya wa kiwanda kaingia kantini kwangu na bango. Eti kuanzia wiki ijayo wafanyakazi watakula kilicholimwa hapa hapa. Eti nyanya zangu zinasafiri siku mbili kwa lori, moshi njia nzima, halafu makasha ya plastiki yanajaa jalalani. Atakayemwonyesha bustani Ijumaa ndiye atakayepika. Asiye nayo, kwaheri. Miaka kumi na moja niko kwenye jiko lile! Mama wa getini, anayeuza nje ya ukuta chakula cha bustani yake, alikuwa anachungulia dirishani, meno yote nje. Nikasema bustani ninayo, kubwa, nyuma ya nyumba. Mdomo huu!

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda nyuma ya nyumba kutazama. Aibu tupu. Mchicha wa mama mkwe umeota ovyo, kunde zimeparamia ukuta, majani yametobolewa na wadudu. Bustani ya kwenye bango ina mistari iliyonyooka na kabichi kubwa kama vichwa vya watu. Mama mkwe kanishauri, baba, mwonyeshe hii hii, mbolea yake ni maganda ya jikoni, nyuki wanakuja wenyewe, haijawahi kupanda lori. Nikamwambia asiniingilie kazi. Jioni akanipikia mchicha. Mtamu, lakini hauna sura.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kaenda kliniki. Nimepata mwanya! Nimeng'oa kila kitu, nimetupa rundo kando ya ukuta. Mgongo sina. Sokoni nimechukua kabichi thelathini, ndiyo kwanza zinashuka kwenye lori. Nimezifukia nusu, mistari nimeinyoosha kwa kamba. Nyanya za sokoni nimezifunga kwa uzi kwenye vijiti. Kazi safi.

Mama mkwe karudi. Kakaa kizingitini, dawa zake mapajani, anaangalia lile rundo. Baadaye kasema mbegu zile alizianza marehemu mke wangu, na yeye kila msimu amekuwa akizirudishia ardhini. Nilijua. Nadhani nilijua. Nikamwambia Ijumaa ikipita tutapanda nyingine. Hakula.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Kabichi zimelegea. Nimemwagilia mara tano, zinazidi kulala. Nimezifunika kwa shuka la kitandani. Mama mkwe anafunga mizigo yake. Nimemwomba asubiri hadi kesho, meneja akikuta ugomvi nitaonekana vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeula wa chuya. Meneja kaja, kaongozana na mama wa getini. Kashika kabichi moja apime uzito. Ikamfuata mkononi, haina hata mzizi! Chini yake kibandiko chenye jina la shamba la mbali huko. Nikasema ni aina mpya. Mama wa getini akacheka hadi akashika ukuta. Meneja hakucheka. Akauliza lile rundo ni la nini. Mama mkwe akamjibu kwamba ile ndiyo bustani, na aliyeipanda ni marehemu mwanawe. Meneja akavua kofia.

Kantini kapewa mama wa getini. Mama mkwe kaondoka naye, mbegu zake kwenye fundo la kitambaa. Nyumba kimya. Nimemkumbuka mke wangu hadi nikashindwa kuosha sahani moja.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imenyesha wiki nzima. Nasikia kantini sasa wanakula mchicha na kunde, na wanaomba kuongezwa. Lile rundo la ukutani limechipua. Majani mekundu, yale yale aliyoyapenda marehemu. Nimesimama pale muda mrefu. Machozi yamenitoka, sioni haya kuandika.

Kisha nikapata wazo. Mama wa getini hatadumu, meneja atarudi tu kwangu. Safari hii nimeagiza kabichi zenye mizizi! Zinafika kesho kwa lori. Pa kuzipanda ni pale penye rundo, pana unyevu mzuri. Jembe nimeshalinoa.