Taa ya Baiskeli Iko Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo vijana wa bendi wamerekodi santuri yao ya kwanza, chumba cha nyuma hapa kiwandani. Nilikwenda kuomba mafuta ya mashine. Mafuta ninayo. Nikakaa mpaka wakamaliza.

Kipaza sauti kimoja, vijana wanne. Mpiga ngoma katolewa nje, kapigia koridoni, maana angewameza wenzake. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Wameanza upya mpaka fundi mitambo kavua shati. Magitaa ya umeme yanakwaruza kama bati linaloburutwa, halafu unashtukia goti lako linacheza lenyewe. Goti langu hili bovu!

Besi anapiga mjukuu wangu. Nyimbo ni mbili. “Nitapita Kesho” katunga Shingo, mwimbaji wao, mrefu kama ngazi. “Taa ya Baiskeli” katunga mjukuu wangu. Huo ndio mtamu, na wala sisemi kwa sababu ya damu. Lakini wa Shingo umewekwa upande wa kwanza, wetu wa pili. Na mtangazaji wa redio hageuzi santuri. Mvivu yule.

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu, fundi cherehani, kaapa. Wimbo wa mtoto wake usiposikika redioni mwezi huu, gitaa linauzwa na mtoto anakaa dukani kushona vifungo. Nikamkumbusha kwamba yeye utotoni alitaka kuwa mwanasarakasi. Kasema, baba, usinianze.

Mke wangu kanitazama, kasema uso huo anaujua, niwaache watu. Sijafanya kitu. Bado.

Jumatano, 5 Machi

Kazi yangu ni mashine ya kugandamiza. Lebo moja chini, donge la plastiki la moto katikati, lebo nyingine juu, vuta mkono, inatoka santuri. Basi leo lebo za juu nimeziweka chini, na za chini juu. Mtangazaji atatafuta upande wa kwanza, atapiga wa mjukuu wangu bila kujua. Akili kama hizi zinastahili cheo.

Msimamizi kapita, kashika moja, kasifu lebo zilivyokaa sawa. Yeye huzitazama tu. Hazisikilizi.

Jumamosi, 8 Machi

Wimbo umepigwa redioni tangu asubuhi. Mwenye duka la santuri katoa spika nje, watu wamejaa barabarani, kinyozi wa jirani kamwacha mteja na nusu ya nywele katoka kucheza.

Shida ni moja. Mtangazaji kasema: hii ni “Nitapita Kesho”, utunzi wake Shingo. Ukatoka wa mjukuu wangu. Kumbe lebo ina jina la wimbo na jina la mtunzi. Hilo sikuliwaza. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililala sana.

Mtangazaji kaendelea kusifia: wimbo mzima ni taa ya baiskeli, hapiti mtu, hakuna kesho, huo ndio ushairi mzito. Mjukuu wangu kasema huo ni wake, mwanangu kajibu redio haisemi uongo, kumbe mwenye kichwa ni Shingo. Keshaanza kutafuta mnunuzi wa gitaa. Mjukuu wangu hakula. Mimi nimejifanya naumwa sikio.

Jumapili, 9 Machi

Bendi imepiga ukumbini. Nimemburuta mwanangu kwa kumdanganya kwamba wanataka kushonewa suti. Watu hadi madirishani. Wakadai “Nitapita Kesho”. Shingo kauanza wa kwake, wakamzomea, wakasema siyo huo, ule wa taa.

Shingo kaelewa. Angeweza kunyamaza, mji mzima ulishampa sifa. Badala yake kamvuta mjukuu wangu mbele, kasema kuna mjinga kiwandani kachanganya lebo, wimbo ni wa huyu, na leo atauimba mwenyewe.

Kaimba. Sauti ikatetemeka, kisha ikaacha kutetemeka. Ukumbi mzima ukaimba naye. Mwanangu kapanda juu ya kiti na viatu vyake, kasema atakayeligusa gitaa lile atamtambua. Machozi yamenitoka. Moshi wa sigara.

Shingo ni kijana wa watu. Na huyo mjinga wa lebo nimemlaani pamoja na wenzangu, tena kwa sauti.

Jumatatu, 10 Machi

Maduka yanataka santuri nyingine, zenye lebo sahihi. Msimamizi hakuuliza nani. Kaja moja kwa moja kwangu, kasema nisiguse lebo tena maadamu mmoja wetu yu hai. Kanihamishia kwenye mashine ya kukata majalada, eti huko hata mimi siwezi kuharibu.

Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nimemjibu, mengi.

Picha ya jalada ni nzuri sana. Ila Shingo kasimama katikati, mjukuu wangu kabanwa kule kulia. Nimepima. Kisu kikila upande wote wa kushoto, mjukuu wangu anakuwa katikati kabisa. Shingo atabaki na bega na sikio, na sikio lake halina ubaya. Jina la bendi nalo liko hukohuko kushoto, litakwenda. Lakini nani asiyewajua vijana hawa?

Naanza kesho asubuhi.